Ukienda kwenye dansi la wakongwe, iache redio nyumbani

Sikukuu zikikaribia, mabango ya muziki wa dansi huanza kuonekana tena kwenye nguzo na kuta za Kinondoni, Ilala na Temeke, jina la bendi ya Msondo au ya Sikinde likiwa juu ya mengine yote. Wanaoitikia siku hizi ni wa makundi mawili. Wapo waliozeeka pamoja na bendi hizo, wanaojua meza ipi inapata upepo na ipi imekaa mbele ya spika. Na lipo kundi jingine linalozidi kukua: watu wa miaka thelathini na arobaini waliozifahamu nyimbo hizi kwenye redio ya mzazi, Jumapili mchana, na hawajawahi kuziona zikipigwa mbele ya macho yao. Makala haya ni ya hao wa pili, kwa sababu nimewaona wengi wao wakinyanyuka saa tano na nusu usiku, uso umekunjwa, wakisema bendi imekwisha.

Kinachowaudhi kinaeleweka. Sauti waliyoifuata haipo. Mwimbaji TX Moshi William alifariki mwaka 2006. Muhiddin Maalim Gurumo alimfuata Aprili 2014, Shaaban Dede mwaka 2017, King Kikii Novemba 2024. Wimbo unaanza, masikio yanangoja sauti ya kwenye mkanda, inatoka ya mtu mwingine, na palepale hukumu inapitishwa. Mimi nasema hukumu hiyo inatolewa mapema mno, tena kwa kipimo ambacho hakikutengenezwa kwa ajili ya muziki huu. Bendi ya dansi ya Tanzania haijawahi kuwa mali ya koo moja. Ilijengwa juu ya mtindo, na mtindo unasikika vizuri zaidi palepale ambapo redio ilikuwa inakata wimbo.

Tuanze na Msondo wenyewe. Bendi ilizaliwa mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, mali ya chama cha wafanyakazi cha NUTA. Chama kilipogeuka kuwa JUWATA, ikawa Juwata Jazz. Miaka ya 1990 chama kikawa OTTU, nayo ikawa OTTU Jazz. Baadaye wanamuziki wakabaki na bendi yao bila mwajiri, na jina walilojipa halikuwa la chama wala la kiongozi yeyote. Lilikuwa la mtindo, Msondo Ngoma. Sikinde nayo ilianza mwaka 1978 kama Mlimani Park Orchestra chini ya kampuni ya usafiri na teksi ya TTTS, kisha mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, na ukumbi wa DDC Kariakoo ukawa nyumbani kwake kwa miaka mingi. Lakini muulize shabiki wake anaelekea wapi Jumamosi usiku. Hatakwambia Mlimani Park, atakwambia anakwenda Sikinde. Wenye mali wamekuja na kuondoka, na jina linaloita watu limebaki lilelile la mtindo.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa bendi karibu zote kubwa za enzi zile. Western Jazz walikuwa na Saboso, Tabora Jazz wakawa na Segere Matata, Urafiki Jazz Chakachua. Maquis waliotua Dar es Salaam kutoka Zaire mwanzoni mwa miaka ya 1970 waliteka mji kwa Kamanyola. Vijana Jazz walibadili mtindo mara kadhaa, Koka Koka, Takatuka, mpaka Pambamoto. Mtindo ulikuwa ahadi kwa mchezaji: ukisikia jina unajua besi itatembea vipi na miguu yako itafanya nini. Bendi iliyoshindwa kuitimiza ahadi hiyo ilikimbiwa hata kama ilikuwa na mwimbaji mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni.

Na watu walihama bila kupumzika. Mlimani Park yenyewe iliundwa kwa kuchota: Gurumo na Hassan Bitchuka walitoka Juwata, Abel Bartazar, Cosmas Chidumule na Joseph Mulenga walitokea Dar International, na Michael Enoch, mwalimu wa wengi, alikuwa ameshajenga jina lake Dar es Salaam Jazz. Mwaka 1985 Gurumo na Bartazar wakaondoka tena kwenda International Orchestra Safari Sound na mtindo wa Ndekule, na baadaye Gurumo akarudi kwenye bendi yake ya zamani, ile ya Juwata. Bitchuka naye amevuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine zaidi ya mara moja. Mtu aliyeingia dansini mwaka 1979 akitaka kusikia Juwata ya 1977 alikutana na jambo lilelile unalokutana nalo leo: wimbo anaoujua, sauti asiyoizoea. Juwata haikufa. Ilijaza nafasi, ikaendelea, na katika miaka ya 1980 ikampata TX Moshi William, ambaye leo tunamlilia kana kwamba alikuwa na bendi tangu siku ya kwanza. Aliingia akiwa mgeni, kama walivyo wageni wanaosimama kwenye maikrofoni sasa hivi. Mmoja wa wageni hao ni mwanawe mwenyewe, Hassan Moshi, aliyejiunga na bendi ya baba yake.

Kwa hiyo swali la kwenda nalo ukumbini si kama fulani yupo. Swali ni kama mtindo upo. Na ili ulijibu inabidi ujue mtindo unakaa sehemu gani ya wimbo, maana redio haikutufundisha.

Sehemu kubwa ya tunachokijua ilirekodiwa kwenye studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, Barabara ya Pugu. Bendi iliingia nzima, ikapiga kwa pamoja mbele ya maikrofoni chache, fundi akanasa. Nchi haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Zilizotoka zilipitia Nairobi, na mpaka na Kenya ulipofungwa mwaka 1977 njia hiyo ikawa ngumu hadi ulipofunguliwa tena mwaka 1983. Kwa nyimbo nyingi mkanda wa RTD ndio ukawa nakala pekee, ukapigwa hewani miaka nenda miaka rudi. Kikatokea kitu ambacho wanamuziki hawakukikusudia: toleo moja la siku moja, lililopigwa na watu wanaoangalia saa ya studio, likageuka vichwani mwetu kuwa ndio wimbo wenyewe.

Ukumbini wimbo huohuo ulikuwa na umbo jingine, na bado unalo. Una nusu mbili. Nusu ya kwanza ni ya maneno. Mwendo wa rumba ya taratibu, mwimbaji anasimulia kisa chake, ndoa iliyovunjwa na maneno ya majirani, rafiki aliyegeuka, mzazi aliyesahauliwa kijijini. Kiitikio kinaingia kwa sauti mbili tatu, tarumbeta na saksafoni zinajaza nafasi kati ya beti. Watu wanacheza wawili wawili au wanakaa na kusikiliza, maana mashairi haya yana mafumbo, na kila mmoja anataka kujua anasemwa nani. Nusu ya pili ni chemko. Maneno yanapungua, mwendo unapanda, na kazi inahamia kwenye vyombo. Kwenye santuri ndogo chemko mara nyingi lilikatwa likawekwa upande wa pili. Kwenye mkanda wa redio lilipewa dakika chache, kisha fundi akashusha sauti taratibu mpaka ikapotea. Ukumbini hakuna wa kushusha.

Jiweke mahali unapoweza kuona mikono, halafu angalia wanavyovuka. Mwimbaji anarudi hatua mbili nyuma. Mpiga gitaa la ridhim anapandisha mkono shingoni mwa gitaa na kushika kipande kifupi ambacho hatakiacha tena. Solo la pili linaingia juu yake na kipande kingine kilichoanza kwa kuchelewa kidogo, na ghafla unasikia sauti ya tatu ambayo hakuna hata mmoja kati yao anayeipiga. Imezaliwa katikati yao. Besi inaacha kuwafuata waimbaji, inaanza kuongea na tumba. Mpiga dramu anatoka ukingoni mwa ngoma ndogo na kuhamia kwenye matoazi. Hapo ndipo gitaa la solo linapopanda, sauti nyembamba na safi, likirudia sentensi moja mara nne, mara nane, kila mara likiigeuza kidogo tu mwishoni. Wapuliza tarumbeta waliokuwa wamekaa wanasimama. Mmoja anafuta mdomo wa chombo kwa kiganja, wanaangaliana, wanaingia pamoja na mstari mfupi mkali, na ukumbi mzima unaitikia kwa miguu.

Hilo ndilo la kulipia kiingilio. Kiongozi wa jukwaa muda wote huo macho yake yako kwenye sakafu, si kwa wanamuziki wenzake. Sakafu ikijaa, chemko halifungwi; tarumbeta zitapewa mstari wa pili, wa tatu, mwimbaji atarudi kutaja majina ya wapigaji na ya wapenzi wa bendi waliofika, solo litapewa nafasi nyingine. Sakafu ikilegea, ishara inatolewa na wimbo unafungwa kwa pigo moja. Wanaocheza ndio wanaoamua urefu wa wimbo. Ndiyo maana mtu aliyekaa pembeni na mikono kifuani akingoja wimbo ufanane na mkanda anakosa jambo mara mbili: hasikii kilichopo, na hachangii kukifanya kiwepo.

Ukishazoea kusikiliza hivyo, tofauti ya bendi hizi mbili itakujia yenyewe. Kwangu mimi Sikinde ni magitaa. Ufumaji wake ni mwembamba, kila gitaa lina chumba chake, na ukimtoa mmoja nyumba inapungua lakini haianguki. Msondo ni mzito zaidi. Tumba iko mbele, tarumbeta zinaingia kwa kishindo, na gitaa la solo linakaa juu ya mzigo huo kama mtu aliyesimama kwenye gari linalokwenda. Said Mabera alilipiga gitaa hilo kwa miongo kadhaa tangu miaka ya 1970, na alama yake imekaa kwenye vidole vya kila aliyekuja baada yake. Nimewasikia vijana wakipiga sentensi zake bila kuzikopi: wanaanza kama yeye, wanamaliza kivyao. Hiyo kwangu ni dalili ya bendi hai. Kijana anayenakili mkanda noti kwa noti ndiye anayenitia wasiwasi, hata kama ukumbi unampigia makofi.

Kuna sababu nyingine inayofanya kizazi kipya kishtuke, nayo inatokana na mazoea. Sehemu kubwa ya matamasha yanayowavuta vijana mjini hapa msanii hupanda na wimbo wake uliorekodiwa, ukapigwa kutoka kwenye mashine, yeye akaimba juu yake au akawaachia mashabiki waimbe. Sisemi hilo ni baya. Lina nguvu zake, na wapo wasanii wa Bongo Fleva wanaopanda na bendi kamili na kufanya vizuri sana. Lakini aliyelelewa na maonyesho ya aina hiyo anajifunza kwamba onyesho zuri ni lile lililofanana na rekodi. Akiingia kwenye dansi na kipimo hicho, kila kilicho hai atakisikia kama kosa: tarumbeta iliyochelewa kidogo kwa makusudi, mwimbaji aliyebadilisha neno ili amguse mtu aliyekaa meza ya mbele, gitaa lililonyamaza ili tumba isikike.

Suala la muda nalo linawakwaza wengi. Tangazo likisema saa mbili usiku, ujue saa mbili ni muda wa kupanga viti na kujaribu vyombo. Bendi itaanza saa tatu na kitu, na itaanza na wale wa chini: vipande vya vyombo vitupu, waimbaji wachanga wakipasha, nyimbo ambazo hazijazoeleka. Waimbaji wakubwa wanakaa nje na wapenzi wao, wanapanda usiku ukishakomaa. Anayefika saa mbili na kuondoka saa tano ameshuhudia mazoezi. Kilele ni baada ya saa sita. Kumbi za wazi zilizo katikati ya makazi zimebanwa siku hizi na kanuni za kelele za NEMC, baraza la taifa la mazingira, kwa hiyo kukesha hadi alfajiri kumepungua, lakini mpangilio wa usiku haujabadilika: unapanda taratibu, na waliovumilia ndio wanaokula nyama.

Sasa niseme la upande wa pili, maana si kila lawama ni ya msikilizaji. Vyombo. Zamani mwajiri ndiye aliyenunua vyombo, awe chama cha wafanyakazi, jumuiya ya vijana au kiwanda cha nguo. Mwanamuziki alilipwa mshahara na gitaa halikuwa lake, akihama, aliliacha. Mfumo huo ulikuwa na minyororo yake, ila ulihakikisha bendi ina spika zake na fundi wake anayejua kila mtu anapiga nini. Leo mara nyingi mitambo ni ya kukodi, na anayekaa kwenye mixer amezoea kazi ya disko na harusi. Anapandisha sauti za waimbaji mpaka masikio yanauma, anajaza besi mpaka kifua kinatetemeka, na yale magitaa matatu niliyoyaeleza yanageuka kuwa uji mmoja. Tarumbeta mbili zinagombea maikrofoni moja. Nimetoka kwenye onyesho moja la sikukuu nikiwa sijalisikia solo la pili hata mara moja usiku kucha, na mpigaji namwona, vidole vinakwenda.

Waandaaji wanaotoza viingilio vya sikukuu wanadaiwa hapa. Wanakodi jukwaa kubwa, taa za rangi, mashine ya moshi, halafu wanabana kwenye maikrofoni za vyombo vya kupuliza. Bendi yenye watu kumi na zaidi jukwaani haihitaji moshi. Inahitaji fundi aliyeisikiliza bendi hiyo kabla ya siku ya onyesho. Msikilizaji naye ana la kufanya: asikae mbele kabisa katikati ya spika kubwa. Asogee pembeni ya jukwaa, upande wa magitaa, mahali ambapo anasikia sauti inayotoka kwenye spika ndogo za wapigaji wenyewe. Mzee mmoja wa Ilala ambaye hakosi dansi huweka kiti chake hapo kila mara, mgongo ukutani, na kijana akimwamkia shikamoo kabla ya kuomba kukaa karibu naye, atapata na maelezo ya nani anapiga nini na alijifunza kwa nani.

Kuna kosa jingine la sisi wapenzi, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Tunadai zilipendwa tu. Bendi ikianzisha wimbo mpya, watu wanarudi kwenye meza, wengine wanakwenda kuagiza vinywaji. Bendi inaona, inarudi kwenye nyimbo za miaka ya 1980, watu wanainuka. Wiki inayofuata wimbo mpya unafutwa kwenye orodha. Tukifanya hivyo kwa miaka ishirini, halafu tukilalamika kwamba bendi haina jipya, tunalalamikia kazi ya mikono yetu. Bendi hizi zilipata ukubwa wake kwa sababu zilikuwa zikitunga bila kuchoka. Wimbo ulipelekwa ukumbini kwanza, ukapigwa ukiwa bado mbichi, ukarekebishwa kufuatana na watu walivyouchezea, na ulipofika studio ulikuwa umeshakomaa. Ushindani wa Msondo na Sikinde uliongeza moto: upande mmoja ukitoa fumbo, mwingine ulitafuta jibu, na mji mzima ukachambua. Hakuna fumbo linaloweza kutoka kwenye orodha ya nyimbo za miaka arobaini iliyopita, kwa kuwa waliokuwa wakifumbwa wengi wao wako kaburini.

Kwa hiyo ukisikia usioujua, kaa sakafuni. Usiupime kwa maneno yake mara ya kwanza. Subiri ufike kwenye chemko uone kama magitaa yanashikana. Wimbo mpya wenye chemko zuri unapigwa na bendi iliyo hai kuliko wimbo wa zamani unaopigwa kwa sababu watu wameudai. Wana Njenje, Kilimanjaro Band, walionyesha njia nyingine ya kulikwepa tatizo hili: walichukua ngoma na nyimbo za pwani, wakazipanga upya kwa vyombo vyao, na wakawafundisha wasikilizaji kutarajia mpangilio mpya wa kitu cha zamani. Si kila bendi inaweza kufanya hivyo, ila inaonyesha kwamba hadhira hufundishika.

Na sasa pesa, kwa sababu hakuna uchambuzi wa dansi unaoweza kulikwepa suala hili. Mwaka 2013 Gurumo alistaafu baada ya zaidi ya nusu karne jukwaani, na nchi ikajua kwamba mtu huyu aliyeimbia vizazi vitatu hakuwa na gari. Diamond Platnumz akamnunulia moja. Wengi walisifia zawadi, na ilistahili kusifiwa. Mimi kilichonikaa ni kwamba zawadi ile ilihitajika. Nyimbo zake zilikuwa zimepigwa redioni maisha yake yote, na kilichokuwa kikimrudia hakikutosha kununua gari la kumpeleka kazini. Waliobaki jukwaani leo wanaishi kwa kiingilio, kwa kualikwa kwenye harusi na hafla, na kwa kutunzwa noti jukwaani.

Kutunza kuna adabu zake, na mgeni anaweza kuiga kwa kutazama. Hungoji wimbo uishe. Unainuka mwimbaji akiwa katikati ya ubeti uliokugusa, unakwenda ukicheza, noti ikiwa mkononi inaonekana, unamwekea kiganjani au kwenye paji la uso, unageuka na kurudi bila kumgusa maikrofoni. Nilimwona mama mmoja mtu mzima, kitenge cha kijani na kilemba chake, akiinuka wakati mwimbaji kijana ameanza ubeti wa marehemu. Alipita mbele ya mwimbaji huyo moja kwa moja, akaenda nyuma kabisa ya jukwaa, akamtunza mpiga tumba, kisha akarudi kwa mwimbaji na kumtunza naye. Mpiga tumba hakuacha kupiga. Aliinamisha kichwa tu, noti ikabaki imebana kati ya ngozi ya tumba na ukingo wake mpaka wimbo ulipofungwa. Mama yule alikuwa anajua kusikiliza. Wapiga vyombo ndio wanaoubeba mtindo na ndio wanaosahauliwa kutunzwa, kwa hiyo ukiwa na noti mbili, moja ipeleke nyuma.

Na ulipe kiingilio. Sitaki kusikia habari za kumjua mtu mlangoni. Bendi ya watu kumi na wawili ikigawana mapato ya mlango baada ya ukumbi na mitambo kukatwa, kila aliyepita bure amemla mtu sahani yake.

Limebaki swali ambalo huwa naulizwa zaidi: niende lini? Watu wengi huchagua mpambano, ile siku ya Idi au Krismasi ambapo Msondo na Sikinde wanawekwa ukumbi mmoja, TCC Chang'ombe au kwingineko, kila upande na mashabiki wake. Mpambano una raha yake na sitamzuia mtu. Umati ni mkubwa, utani wa watani ni wa kweli, na kuziona bendi zote mbili usiku mmoja ni bahati. Lakini kwa mtu wa mara ya kwanza si mahali pazuri pa kujifunza kusikiliza. Kila bendi ina zamu fupi, inapeleka nyimbo zake zinazojulikana sana, chemko zinakatwa ili nyimbo zitoshe, na mitambo inasukumwa mpaka mwisho kwa sababu kila upande unataka kumfunika mwenzake. Kila nilichokieleza hapa kuhusu magitaa kitapotea kwenye makelele hayo.

Nenda usiku wa kawaida. Tafuta bendi inapopiga bila mwenzake, mwisho wa mwezi ukiwa bado mbali, ukumbi umejaa nusu, viti vya plastiki vimesogezwa kupisha wachezaji. Bendi haina haraka usiku huo. Inapiga nyimbo tatu mpya kabla ya ile unayoijua, na ile unayoijua ikija inaweza kukaa kwenye chemko robo saa nzima kwa sababu wanandoa wawili wa Magomeni wamekataa kukaa chini. Fika saa tatu, kaa upande wa magitaa, usiondoke kabla ya saa saba.